Nani Mwenye Kilima? Mabishano ya Mamlaka, kutoka Baraza la Mwami hadi Kacyiru

Kuanzia Mei 1998 hadi Machi 1999, Jumamosi ilikuwa siku ya mabishano juu ya kilima cha Kacyiru. Ndani ya Village Urugwiro, ofisi ya Rais wa Rwanda, walikutana mawaziri, viongozi wa vyama, wanasheria, wanahistoria, viongozi wa dini na wazee walioona tawala zikija na kuondoka. Aliyeongoza vikao ni Rais Pasteur Bizimungu. Paul Kagame wakati huo alikuwa Makamu wa Rais na Waziri wa Ulinzi. Nchi ilikuwa haijamaliza kuwazika watu wake waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Magereza yalikuwa yamefurika watuhumiwa zaidi ya 100,000. Kaskazini-magharibi risasi zilikuwa bado zinalia. Katika hali hiyo watu waliketi wiki baada ya wiki kujadili umoja wa Wanyarwanda, demokrasia, haki, uchumi na usalama. Mada zilikuwa tano, lakini chini ya zote palikuwa na swali moja: amri itoke wapi, na ikitoka amri mbaya, nani ataizuia?

Mikutano ya aina hiyo ni adimu katika maisha ya taifa lolote. Unaojulikana zaidi ulifanyika Philadelphia mwaka 1787, pale wajumbe 55 walipojifungia tangu mwisho wa Mei hadi tarehe 17 Septemba, katikati ya joto, wakibishana kama makoloni 13 ya zamani ya Uingereza yawe na serikali moja yenye nguvu au yabaki kuwa muungano legelege wa majimbo. Serikali yao ya wakati huo haikuweza hata kutoza kodi. Alexander Hamilton alitaka kitovu chenye meno. Patrick Henry wa Virginia aliona kwamba kitovu cha namna hiyo kingewameza. Jimbo dogo la Rhode Island lilikataa kabisa kutuma mjumbe. Virginia yenyewe iliikubali katiba mpya Juni 1788 kwa kura 89 dhidi ya 79, ushindi mwembamba kwa jambo zito kiasi hicho. James Madison, katika makala yake ya 51 ya kuitetea katiba hiyo, alitoa hoja ambayo inafaa kukumbukwa hapa: raia hupata ulinzi maradufu pale serikali mbili zinapochungana, kila moja ikiwa na nguvu za kutosha kuizuia mwenzake.

Rwanda haikuwa na majimbo 13 ya kuunganisha. Ni nchi ya kilomita za mraba 26,338, yenye lugha moja, na amri ikitoka juu jioni, asubuhi imeshafika mlangoni. Hofu iliyowapeleka Wamarekani Philadelphia ilikuwa serikali kuu isiyosikika. Hofu iliyostahili kuwapo Kacyiru mwaka 1998 ilikuwa ya serikali iliyosikika kupita kiasi. Ndiyo maana wazee waliokaa Urugwiro walirudi nyuma sana, hadi enzi za wafalme.

Mwami Kigeli IV Rwabugiri, aliyetawala kuanzia miaka ya 1860 hadi alipofariki mwaka 1895, alikuwa mtu wa vita na wa safari. Hakuwa na mji mkuu mmoja. Alikuwa na makazi kila upande wa nchi, akihama na baraza lake ili machifu wasizoee kukaa bila kuchunguzwa. Chini yake, hasa katika maeneo ya kati ya ufalme, wilaya moja ingeweza kuwa na wakuu watatu kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa mtware wa ardhi, aliyeangalia mashamba na mazao. Wa pili alikuwa mtware wa malisho, aliyeangalia ng'ombe na nyasi. Wa tatu alikuwa mtware wa majeshi, ambaye watu wake wangeweza kuwa wametawanyika vilima vingi mbali na kwake. Kila mmoja alipokea amri kutoka kwa Mwami na kila mmoja alimpelekea Mwami habari za wenzake.

Mpango huo haukubuniwa kwa kumhurumia mkulima. Ulibuniwa ili asitokee chifu mwenye nguvu za kumtikisa mfalme. Lakini ulikuwa na matokeo ambayo mkulima aliyajua vizuri kuliko mtu yeyote: akionewa na mtware wa ardhi, alikimbilia kwa mtware wa majeshi na kumwomba amsemee. Waswahili husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Juu ya vilima vya Rwanda, kwa muda fulani, ugomvi wa tembo ndio uliozipa nyasi nafasi ya kuota. Habari hiyo isipambwe zaidi ya hapo. Utawala wa Rwabugiri ulikuwa mkali, na uburetwa, kazi ya lazima kwa ajili ya chifu wa ardhi, ulienea katika enzi zake na ukawachosha Wahutu wengi. Hata hivyo, mtu wa chini alikuwa na mlango wa pili wa kubisha, na habari nzima ya utawala wa Rwanda baada ya hapo inaweza kusimuliwa kwa kufuata mlango huo: lini ulifungwa, nani aliufunga, na nani alijaribu kuufungua tena.

Pembeni mwa ufalme mambo yalikuwa tofauti kabisa. Kusini-magharibi, Bukunzi na Busozo zilikuwa na wafalme wao. Ndagano wa Bukunzi aliheshimiwa kama mwenye mvua, na baraza la Mwami wa Rwanda, badala ya kumtuma chifu wa kumtawala, lilibadilishana naye zawadi na kumwacha na nchi yake. Kaskazini, Bushiru na nchi za jirani zilikuwa na wakuu wao wa koo zilizofyeka misitu. Mamlaka ya Mwami yalipungua kadiri mtu alivyotembea mbali na maeneo ya kati ya ufalme, na hakuna aliyeona aibu katika hilo.

Waliobadilisha hali hiyo ni wageni. Wajerumani, ambao mwaka 1907 Mkazi wao Richard Kandt alianzisha kituo cha Kigali, hawakuwa na watu wa kutosha kutawala wenyewe, hivyo waliutia nguvu mkono wa Mwami Yuhi V Musinga. Ndungutse alipoinua bendera ya uasi kaskazini mwaka 1912, askari wa Luteni Gudowius walimwua na kuteketeza vijiji, na machifu wa baraza wakaingia nyuma yao. Bunduki ya Ulaya ilifika mahali ambapo mkuki wa Mwami ulikuwa haujafika.

Kisha Wabelgiji wakaja na ramani zao na hamu yao ya mambo yaliyopangika. Walitaka kila kipande cha ardhi kiwe na bosi mmoja anayeeleweka, anayekusanya kodi na kutoa vibarua bila ubishi. Ndagano alifariki mwaka 1923, na kabla ya miaka mitatu kwisha jeshi la kikoloni lilikuwa limeitia Bukunzi mkononi. Busozo ikafuata 1926. Mwaka 1925 Gashamura, kiongozi wa abiru, yaani walinzi wa kanuni za siri za ufalme ambao hata Mwami hakuweza kuwapuuza, alipelekwa uhamishoni Burundi. Kuanzia 1926, chini ya Mkazi Georges Mortehan, vyeo vitatu vya machifu viliunganishwa kuwa kimoja. Musinga, aliyeona mambo yote hayo na kuyachukia, aliondolewa Novemba 1931 na kufia uhamishoni Kongo. Mwanawe Mutara III Rudahigwa akawekwa kitini.

Katika masimulizi ya kawaida kuhusu ukoloni wa Ubelgiji, kinachotajwa kwanza ni vitambulisho vya kabila vya miaka ya 1930, na ni haki vitajwe. Lakini mageuzi ya Mortehan yalifanya uharibifu wa aina yake. Chifu mmoja sasa alikuwa na ardhi, malisho, watu, kodi, viboko na mahakama. Kufikia 1959, machifu 43 kati ya 45 walikuwa Watutsi. Mkulima Mhutu hakuwa na pa kwenda, na mkulima Mtutsi maskini, ambaye alikuwa ni mmoja wa walio wengi miongoni mwa Watutsi, hakuwa na pa kwenda vilevile.

Hasira ilipolipuka Novemba 1959, ililipuka dhidi ya chifu huyo mmoja, na watu wasio na cheo chochote wakachomewa nyumba pamoja naye. Wabelgiji, chini ya Kanali Guy Logiest, waligeuka ghafla. Wakavunja machifu na kuunda komini 229, kila moja na burugumesta, yaani mkuu wake, na madiwani. Katika uchaguzi wa katikati ya 1960 chama cha Parmehutu kilipata viti 2,390 kati ya 3,125. Halafu, tarehe 28 Januari 1961, lilitokea jambo ambalo halina mfano mwingi barani: maburugumesta na madiwani zaidi ya 3,000 waliitwa Gitarama, na papo hapo, sokoni, wakatangaza kwamba ufalme umekwisha na Rwanda ni jamhuri. Dominique Mbonyumutwa akatajwa kuwa Rais. Viongozi wa chini kabisa waliing'oa serikali ya juu kabisa, Mbelgiji akiwa pembeni anawalinda.

Angeweza mtu kudhani kwamba jamhuri iliyozaliwa na madiwani ingewapa madiwani nguvu. Haikuwa hivyo. Komini zilipunguzwa hadi 141 mwaka 1963, na serikali ya Rais Grégoire Kayibanda ikazibana chini ya wakuu wa mikoa iliowateua yenyewe. Baada ya mapinduzi ya Juvénal Habyarimana tarehe 5 Julai 1973, kisingizio cha mwisho kilitupwa: burugumesta akawa mtu wa kuteuliwa na Rais. Mwaka 1975 kikaja chama kimoja, MRND, ambacho kila Mnyarwanda alizaliwa akiwa mwanachama wake. Kutoka kwa Rais kwenda kwa mkuu wa mkoa, kwa burugumesta, kwa diwani wa sekta, mpaka kwa mjumbe wa nyumba kumi, ulikuwa ni mkono mmoja.

Majirani nao walikuwa wakifunga milango yao katika miaka hiyohiyo. Kenya ilipata uhuru 1963 ikiwa na katiba ya majimbo, iliyopiganiwa na KADU ya Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Kabla ya Jamhuri kutangazwa Desemba 1964, KADU ilikuwa imeshajivunja na majimbo yamekuwa mikoa ya kutumwa. Uganda ilikuwa imeipa Buganda hadhi ya shirikisho mwaka 1962. Mei 1966 Milton Obote alituma jeshi Mengo, Kabaka Mutesa II akakimbia nchi na kufia London mwaka 1969. Wakenya walisubiri hadi katiba ya 2010 ili kupata kaunti 47. Tofauti ni kwamba Kenya na Uganda zilikuwa na watu walioendelea kudai majimbo au federo kwa sauti. Rwanda ya miaka ya 1970 haikuwa na sauti kama hiyo, na mashirika ya misaada ya nje yaliisifu kwa barabara zake na kwa umuganda wake, kazi ya pamoja ya kila wiki.

Kisha ikaja Aprili 1994.

Jean-Baptiste Habyalimana alikuwa mkuu wa mkoa wa Butare, na ndiye Mtutsi pekee aliyeshika cheo hicho nchini. Mauaji yalipoanza Kigali, yeye alikataa. Aliitisha mikutano, alizunguka, na kwa muda wa wiki moja na nusu sehemu kubwa ya Butare ilitulia, hata watu kutoka mikoa mingine wakakimbilia huko. Tarehe 17 Aprili redio ilitangaza kwamba ameondolewa. Tarehe 19 Rais wa serikali ya mpito, Théodore Sindikubwabo, alifika Butare kumweka mkuu mpya na kutoa hotuba ya kuwahimiza watu "kufanya kazi". Mauaji yakaanza kwa kasi ya kutisha. Habyalimana naye aliuawa.

Siku iliyofuata baada ya kuondolewa kwake, tarehe 18 Aprili, viongozi wa serikali hiyohiyo walikutana na maburugumesta wa Gitarama. Mmoja wao alikuwa Jean-Paul Akayesu wa komini ya Taba. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha ilikuta kwamba kabla ya mkutano huo Akayesu alijaribu kuzuia fujo katika komini yake, na baada yake akageuka na kuwa upande wa wauaji. Tarehe 2 Septemba 1998 alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Huko Kacyiru, vikao vya Urugwiro vilikuwa katika mwezi wake wa tano.

Lakini yeyote anayetaka kuisoma habari hiyo kama ushahidi kwamba kijiji ni kizuri na mji mkuu ni mbaya, Butare hiyohiyo inamkatalia. Katika komini ya Nyakizu, burugumesta Ladislas Ntaganzwa hakusubiri mkuu wa mkoa abadilishwe. Katikati ya Aprili, Habyalimana akiwa bado ofisini, watu waliokimbilia kanisa la Cyahinda waliuawa kwa maelfu. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu Ntaganzwa kifungo cha maisha Mei 2020. Kwa hiyo mkuu wa mkoa mwenye utu alishindwa na walio juu yake, na alishindwa pia na aliye chini yake. Hakukuwa na chombo chochote, juu au chini, ambacho mtu wa Cyahinda angekikimbilia.

Watu wa Urugwiro walilijua hilo kwa uchungu, kwa kuwa wengi wao walikuwa na makaburi. Ripoti ya vikao vyao ilitoka Agosti 1999, na mambo mengi ambayo leo Rwanda inatambulika kwayo yanaanzia pale: Tume ya Umoja na Maridhiano, mahakama za gacaca zilizofunguliwa baadaye na kufungwa Juni 2012 baada ya kesi karibu milioni mbili, na katiba ya 2003 iliyokataza chama kimoja kushika zaidi ya nusu ya viti vya baraza la mawaziri. Mei 2000 ikaja sera ya ugatuzi. Wananchi walikuwa wameshachagua kamati za kata na sekta Machi 1999, kwa kupanga mlolongo nyuma ya mgombea. Machi 2001 wakachagua mabaraza ya wilaya, na komini zikazikwa pamoja na jina lao.

Miaka michache baadaye serikali iliona kwamba wilaya 106 ni nyingi mno na ni maskini mno. Mwaka 2006 mikoa 12 ikawa minne pamoja na Jiji la Kigali, wilaya 106 zikawa 30, na sekta 1,545 zikawa 416. Mwaka huohuo mameya wa wilaya wakaanza kutia saini imihigo, mikataba ya kila mwaka mbele ya Rais: nyumba ngapi zitapata maji, wangapi watakuwa na bima ya afya, kilomita ngapi za matuta zitachimbwa. Matokeo yanaonekana kwa macho na hayahitaji mtetezi. Zahanati zimekaribia, makaratasi yaliyokuwa yakifuatwa mjini sasa yanapatikana kwenye ofisi za sekta. Abunzi, wapatanishi wa kujitolea wanaochaguliwa na majirani zao, husuluhisha migogoro ya mashamba na urithi ambayo zamani ingemfilisi mtu mahakamani.

Bado imihigo humfanya meya atazame juu zaidi kuliko chini. Anayempa alama ni serikali kuu, na waliomchagua ni wajumbe wa baraza, wala si wananchi kwa kura ya moja kwa moja. Gavana wa mkoa ni wa kuteuliwa. Mnyarwanda aliyeonewa na kiongozi wa mtaa wake amejifunza kungoja ziara ya Rais, asimame mbele ya kipaza sauti na kueleza kisa chake, na mara nyingi kiongozi huyo hujibu papo hapo akitetemeka. Ni mlango, na umewasaidia watu. Rwabugiri na makazi yake mengi angeuelewa mara moja. Udhaifu wake ni kwamba hufunguka siku Rais anapopita, na ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mmoja.

Kacyiru yenyewe imepita katika hatua zote hizi, na ndiyo maana kilima hicho ni mahali pazuri pa kupimia jambo hili. Kilikuwa komini, mojawapo ya tatu za Kigali pamoja na Nyarugenge na Kicukiro. Mwaka 2001 kikawa wilaya. Mwaka 2006 kikashushwa kuwa sekta ndani ya wilaya ya Gasabo, chenye kata tatu: Kamatamu, Kamutwa na Kibaza. Wizara inayosimamia serikali za mitaa za nchi nzima iko hapohapo, mwendo mfupi kutoka Urugwiro. Na Julai 2019 sheria mpya ya Jiji la Kigali iliziondolea Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge hadhi ya kushtaki na kushtakiwa kwa majina yao. Mameya wao wakaondoka, watendaji wakaingia, na uamuzi ukahamia kwa baraza la jiji lenye wajumbe 11: sita wa kuchaguliwa, wawili kutoka kila wilaya, na watano wa kuteuliwa na Rais.

Sababu zilizotolewa ni za kweli. Jiji moja haliwezi kuwa na mipango mitatu ya barabara na mabaraza matatu yanayovutana kuhusu mfereji mmoja wa maji ya mvua. Lakini mkazi wa Kamutwa anayegombana na jiji kuhusu fidia ya nyumba yake hana tena wilaya ya kumsemea dhidi ya jiji hilo; wilaya yake sasa ni kiungo cha jiji analolilalamikia. Hilo ndilo kosa la miaka ya 1920 likirudi kwa sura ya upole, likiwa na ofisi safi na watumishi waungwana: kuunganisha vyeo kwa ajili ya wepesi wa kazi, na kusahau kwamba mtu wa chini alikuwa akiishi katika nafasi iliyokuwa kati ya vyeo hivyo.

Bunge la Rwanda liko Kimihurura, kilima cha jirani, na sheria za jiji zimekuwa zikirekebishwa mara kwa mara. Sheria ya 2019 itakapofika tena mezani, wabunge waanze na wale wajumbe wawili wa Gasabo: wapewe ofisi iliyo wazi kwa wakazi, haki ya kudai majibu ya maandishi kutoka jijini, na haki ya kwenda mahakamani kwa niaba ya waliowachagua.